Mzee Mwandawiro na Milango ya Mkonge

Jumatano, tarehe 31 Desemba 1986, Mzee Josephat Mwandawiro atakabidhi funguo za gereji ya bohari yetu ya Voi, akiwa ameutumikia ushirika huu wa wakulima wa mboga kwa miaka ishirini na mitano na miezi kumi na moja. Tulimwomba tuandike miaka ishirini na sita ili ipendeze kwenye karatasi. Alikataa katakata. Alisema mwezi mmoja ni mwezi mmoja, na kama tunautaka tumlipe aukae. Basi nikaandika alivyotaka.

Jina langu ni Elsie Wanza, karani wa bohari. Tangu mwaka 1969 meza yangu imepakana na gereji yake, ukuta mmoja tu kati yetu, kwa hiyo yale nisiyoyaona nimeyasikia. Nimepewa kazi ya kumsifu. Nitajitahidi, ingawa sikuahidi mtu kwamba nitamsifu tu.

Alifika Voi tarehe mosi Februari 1961 akitokea kijiji cha milimani juu ya Wundanyi, umri wake miaka ishirini na tisa, amevaa sweta ya sufu ambayo mkewe alikuwa amemfumia. Siku ya tatu aliivua, na hakuna aliyeiona tena. Alianza kama mshika spana, mwaka 1964 akawa fundi kamili, na mwaka 1968 akafanywa foremani. Katika muda wote huo hajawahi kulizoea joto la Voi, na hataki tufikirie kwamba amelizoea. Kila siku saa nane mchana hutoka nje ya gereji, hutazama juu, na kutamka neno moja la Kidawida, lugha ya Wataita. Mimi ni Mkamba. Nimeuliza maana yake kwa Wataita wote wa bohari hii, wanaume kwa wanawake, na wote wamecheka wakaenda zao.

Ila kama kuna tabia iliyomjengea jina, ni namna yake ya kununua vitu. Mzee Mwandawiro hanunui, huchagua. Mwaka 1971 tulihitaji kufuli. Alizunguka maduka matano ya Voi akiuliza bei, akaandika zote, akalala akilifikiria jambo hilo, kesho yake akarudi kwenye duka la kwanza na kukuta limefungwa kwa sababu ya msiba. Tulikaa siku nne tukifunga gereji kwa waya. Ufagio ulichukua wiki mbili. Birika la chai sitalitaja, maana waliolisubiri bado wana uchungu.

Mambo haya tuliyacheka kwa miaka mingi. Halafu likaja jambo la milango, na hapo kucheka kukatutoka.

Kwa faida ya wageni wetu, nieleze kidogo. Mboga huteremka kutoka milimani asubuhi kwa lori dogo na kufika Voi kama saa nne. Hapa hupakiwa kwenye malori mawili makubwa ndani ya gereji, nayo husubiri humo hadi saa kumi na mbili jioni, ndipo yaondoke kwenda Mombasa. Kwa hiyo mchana kutwa gereji ndiyo ghala. Kuta zake ni za mawe, juu kuna dari la mbao, hazina shida. Milango yake miwili, lakini, ilikuwa ya mabati matupu, tena ilitazama magharibi. Kuanzia saa saba jua liliikaba vizuri. Dereva wetu Makau anaapa kwamba aliwahi kukaanga yai kwenye komeo la mlango wa kushoto, na kwamba lilikosa chumvi tu.

Novemba 1974 mzigo wetu ulirudishwa kutoka Mombasa kwa mara ya tatu. Nyanya zilikuwa zimelainika, sukuma wiki imekuwa ya manjano, kabeji zinanuka. Mnunuzi wa hoteli za pwani aliandika barua fupi sana: ukirudi mzigo mwingine mmoja kabla ya mwisho wa Machi, atatafuta wakulima wengine. Kamati yetu, ambayo hukaa Wundanyi, haikupoteza muda. Iliamua bohari ya Voi ifungwe na mboga zikabidhiwe mfanyabiashara mwenye malori yake. Mzee Mwandawiro angehamishiwa Wundanyi awe msimamizi wa ghala la juu, mshahara ukiongezwa. Sisi kumi tuliobaki tungeachishwa kazi.

Orodha ya hao kumi niliipiga taipu mimi mwenyewe, nakala tatu. Jina langu lilikuwa la nne. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili na mwingine tumboni, na baba yao alikuwa amekwenda kutafuta kazi ambayo mpaka leo sijui kama aliipata. Nilipomaliza kupiga taipu nilikaa nikitazama mashine. Mzee Mwandawiro aliingia kuchukua nakala yake, akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, akauliza kama nina kipimo cha futi mezani, cha kwake kimekatika. Nikampa. Akatoka kwenda kupima milango.

Hapo ndipo watu walipomwona ana wazimu. Mtu anaitwa arudi nyumbani kwake, kwenye baridi yake, kwa mkewe, na nyongeza juu! Mkewe huyo, Mama Tryphena, alikuwa ameshapaka chokaa chumba na kuwatangazia akina mama wa kanisa kwamba baba yuko njiani. Mzee akapeleka habari kwamba asubiriwe kidogo, ana milango ya kuangalia. Mama Tryphena hakumjibu barua kwa Jumapili tatu.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Alisema mboga haziozi kwa sababu ya Voi, zinaoza kwa sababu ya mlango. Alitaka milango isiyopitisha joto, na aliitaka kamati ije ijionee. Kamati ikaja. Lakini watu wa milimani wana ugonjwa wa kuamka mapema, na wazee wale waliwasili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Waliishika milango, wakaikuta baridi. Mmoja alilalamika kwamba angejua angekuja na koti. Wakanywa chai, wakakikagua choo, na kufikia saa tatu walikuwa wameshapanda gari kurudi. Taarifa yao ilisema milango ya Voi iko katika hali nzuri.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mzee Mwandawiro alinunua mafuta ya kupikia, yale meupe yanayoganda, kopo moja, baada ya kuuliza bei maduka matatu tu, jambo lililotuonyesha kwamba ana haraka. Alichukua masanduku matatu ya mbao, akayaweka nyuma ya gereji yakitazama magharibi, kila moja na mlango wake mdogo. La kwanza lilikuwa na bati tupu. La pili lilikuwa na mbao mbili zilizoshindiliwa unga wa msumeno katikati. La tatu lilikuwa na bati kwa nje, ubao kwa ndani, na katikati inchi tano za mabaki ya mkonge, zile nyuzi fupi ambazo kiwanda cha mkonge hutupa. Ndani ya kila sanduku kulikuwa na kisahani chenye kijiko kimoja cha mafuta. Kazi yake ikawa kungojea mafuta ya sanduku lipi yatayeyuka kwanza.

Jaribio lilikusudiwa kuchukua siku tatu. Lilichukua kumi na tisa. Siku ya pili kulikuwa na mawingu, akaifuta. Siku ya tano nyani walifungua sanduku la kwanza na kuramba ushahidi. Siku ya nane kisahani cha tatu kilikutwa kitupu, na Makau, aliyekuwa na mkate mkononi, alisema huenda ni mchwa. Kuhusu mchwa, kwa kweli walikuja, na walilipenda sanduku la pili hata likaanguka lenyewe. Hivyo unga wa msumeno ukatoka kwenye mashindano. Mafuta ya bati tupu yaliyeyuka kila siku kabla ya saa nane. Yale ya mkonge yalifika saa kumi yakiwa yamelegea pembeni tu.

Aliandika pia Mombasa kuulizia milango ya kiwandani. Wakala alimletea kitabu chenye picha, milango mizuri ajabu, ndani imejazwa magome ya mti wa kutengenezea vizibo, mmoja shilingi elfu tisa na mia nane kabla ya nauli. Mzee alikitazama kitabu hicho kwa heshima, akauliza kama bei inashuka mtu akichukua bila kitasa. Wakala hakurudi.

Tarehe 28 Desemba alipanda Wundanyi na bajeti yake ya ukurasa mmoja. Mabati, mbao, misumari, rangi nyeupe ya nje ili kulirudisha jua, oili chafu ya kuwafukuza mchwa kwenye ubao, tyubu kuukuu za matairi za kuziba nyufa pembezoni. Mkonge wenyewe ni bure, ila usafiri. Ufundi wa seremala Ndambuki kwa wiki tatu. Jumla shilingi elfu nne mia nne na sitini kwa milango yote miwili. Wajumbe walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti, ukungu umefika dirishani, na mjumbe mmoja aliuliza kwa moyo safi kabisa kwa nini mtu anataka kuzuia joto. Halafu wakafika kwenye mstari uliosema chai ya fundi, shilingi arobaini na mbili. Jamani! Mstari huo ulijadiliwa kwa saa nzima na dakika kumi. Kuna aliyetaka kujua kama Ndambuki hawezi kunywa chai kwao. Kuna aliyeuliza kuhusu maandazi. Milango yenyewe ilipita kwa dakika tano, maana wakati huo kila mtu alikuwa na njaa.

Ilipita kwa sharti moja. Mwenyekiti wetu wa wakati huo, Mzee Obadiah, mtu mwenye haki lakini asiyependa kuchezewa, alisema kazi ya Wundanyi haiwezi kumngoja mtu anayejaribu bahati. Achague. Akichukua milango, na mzigo ukarudi hata mara moja kufikia mwisho wa Machi, bohari itafungwa naye atatoka pamoja na wale kumi, bila nafasi ya juu wala ya chini. Mtu aliyechukua wiki mbili kuchagua ufagio alijibu hapo hapo kwamba anachukua milango. Habari hii tuliipata kwa Mzee Obadiah mwenyewe, maana mhusika aliporudi alituambia tu kwamba bajeti imepita, na kwamba Ndambuki aandaliwe maandazi.

Sasa nifike kwenye kosa lake, ambalo aliniomba nisilitaje. Ndambuki alifanya kazi nzuri. Milango ilinyanyuka minene, mizito, myeupe kama kanzu ya Pasaka, kila mmoja wenye pande mbili, na kila upande ulihitaji wanaume wanane kuubeba. Jumamosi ya mwisho ya Januari ikatundikwa. Tulipiga makofi. Makau akawasha lori aliingize, watu wakamwelekeza kushoto, wakamwelekeza kulia, na lori likakwama. Mzee Mwandawiro, aliyepima milango ile mara sita, alikuwa amepima urefu na upana na kusahau unene. Pande zile mbili zilipofunguka zilisimama ndani ya njia na kula inchi sita kila upande. Kivuli kilipatikana, mkonge ulipatikana, ila lori halikupita.

Mzigo ulikuwa unateremka Jumatatu saa nne. Pesa zilikuwa zimekwisha. Kama mboga zingeshinda nje juani siku moja, zingerudishwa, na hadithi yetu ingeishia hapo. Nilimtazama Mzee. Alikaa kwenye jeki akiwa ameshika kipimo changu cha futi. Niliogopa, nasema kweli. Nilikwenda nyuma ya ofisi nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Nilipofika alikuwa ameshainuka. Alikuwa amelala chini ya lori bovu lililokufa uani tangu 1966, anafungua springi. Alisema bawaba zikiwa ndefu na zikifungwa nje ya ukuta badala ya ndani, milango itazunguka mpaka ilale bapa ukutani, na njia itabaki wazi. Hakuna duka linalouza bawaba za namna hiyo. Ila springi ya lori ni chuma kizuri, na mhunzi alikuwa karibu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mzee Mwandawiro ni mzee wa kanisa, na katika miaka yake yote ya Voi hakuwahi kukosa ibada. Jumapili hiyo alikosa. Mchungaji alimtuma mtu kuuliza kama ni mgonjwa, na mjumbe huyo alipofika alipewa mwisho mmoja wa kamba akaambiwa avute. Tulikuwa wote kumi na mmoja, na Ndambuki, na mhunzi, na mjumbe wa mchungaji mwenye suti. Mimi na tumbo langu nilikatazwa kuvuta, nikapewa kazi ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Upande wa mwisho uliingia mahali pake saa kumi na moja na robo jioni. Makau akawasha lori na kuliingiza bila kugusa popote, akazima injini, na akabaki humo ndani akipiga honi kama bwana harusi.

Februari ikapita. Machi, na mnaijua Machi ya Voi, ikaja na joto lake lote. Kila mzigo ulipoondoka tulihesabu saa. Tarehe 31, siku ya mwisho ya muda tuliopewa, mnunuzi alipiga simu ofisini kwangu na kumtaka foremani. Mzee aliingia akifuta mikono, akashika simu, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akasema sawa, akaiweka. Kisha akatoka kwenda kuangalia maji ya rejeta! Haki ya Mungu, mtu huyu! Tulimfuata kumi wote mpaka chini ya boneti, na ndipo akatueleza, bila kutuangalia, kwamba yule bwana anauliza kama tunaweza kumwongezea koliflawa.

Yaliyofuata mnayajua. Leo bohari ina wafanyakazi ishirini na watatu. Milango ile imepakwa rangi upya mara nne, na vyama viwili vya ushirika vimekuja kuitazama. Mzee aliwatembeza na kuwaeleza kila kitu, isipokuwa habari ya unene. Amefundisha mafundi tisa, ambao wote sasa wanaulizia bei katika maduka matano. Ajali katika gereji yake kwa muda wote huo ni moja, kidole cha Makau, na Makau mwenyewe anakubali kwamba alikuwa akitazama pengine.

Nafasi ya Wundanyi alipewa mtu mwingine mwaka ule ule wa 1975, na haikupatikana tena. Kwa sababu hiyo Mzee Mwandawiro amebaki Voi miaka kumi na miwili zaidi, katika chumba kimoja nyuma ya soko, akilala na shuka iliyoloweshwa maji, akipanda kwao mwisho wa mwezi na kuteremka Jumapili jioni. Hakuwahi kulisema jambo hili kwetu kama kitu alichotufanyia. Tulipojaribu kumshukuru mwaka ule alituambia turudi kazini. Basi tukawa tunamtania, kwa kuwa utani ndio pekee aliokuwa anaupokea.

Leo hawezi kunirudisha kazini, kwa hiyo nasema. Mtoto niliyekuwa naye tumboni Jumapili ile anaingia darasa la sita mwezi ujao. Mkubwa amefanya mtihani wa darasa la nane. Makau amejenga kwao Marungu. Kati ya wale kumi wa kwenye orodha hakuna hata mmoja aliyelala njaa, na wawili waliotutangulia mbele za haki walikufa wakiwa na kazi yao. Wewe ungeweza kupanda mlima siku ile, Mzee, na hakuna ambaye angekulaumu. Hatujasahau.

Asante, Mzee Mwandawiro. Nenda salama, ukae kwenye baridi yako kwa afya na amani, siku zako ziwe nyingi, na usiulize bei ya kitu chochote kwa angalau wiki moja.

Na wewe Mama Tryphena, najua utakuwa umeketi mstari wa mbele maneno haya yakisomwa. Mwaka 1974 ulipaka chokaa chumba ukimngojea mumeo, na sisi ndio tuliomshikilia. Tunakurudishia leo. Tusamehe kwa kuchelewa.